Kusudi kwanza, muhuri baadaye: mwongozo kamili kwa mafundi wa Lamu wanaotaka kuanzisha chama cha taaluma

Ndani ya kabati nyumbani kwangu, mtaa wa Langoni, mna muhuri wa mpira wa chama ambacho hakipo tena. Nilikuwa katibu wake. Tulichongesha muhuri kabla hatujapata barua ya kuugongea. Tulikuwa na katiba tuliyoinakili kwa kikundi kingine tukabadilisha jina tu, tukawa na fulana, mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti na kikundi cha WhatsApp. Madhumuni yetu yalikuwa mstari mmoja: "Kuinua maisha ya mafundi na kuleta maendeleo katika jamii."

Chama kilivunjika kwa sababu ya nyumba moja. Mwenye nyumba ya kale huko Mkomani alitujia akitaka itengenezwe yote, kuanzia dari za boriti za mikoko hadi lipu na mlango. Likazuka swali: chama kiichukue kazi kama mkandarasi, au kimtajie mwenye nyumba mafundi wanaofaa kisha kikae kando? Waliotaka chama kiichukue walisema huko ndiko kuinua maisha. Wengine wakataka kazi igawiwe kwa zamu, ajuaye na asiyejua, maana maendeleo ni ya wote. Wengine wakasema apewe fundi bora, jina la mafundi lisiharibike. Kila mmoja alinyoosha kidole kwenye mstari uleule, na kila mmoja alikuwa na haki, kwa sababu mstari ule haukumkataza mtu chochote. Tulibishana Ijumaa tatu. Mwenye nyumba akachoka, akatafuta watu kwingine.

Tangu siku hiyo nimeketi na vikundi vingi vinavyotaka kuwa vyama, na jambo ninalolishikilia ni hili: kusudi halijawa wazi mpaka liweze kukuambia nini mtakataa kufanya. Mwongozo huu unafuata mfano wa mafundi wa majumba ya kale, yaani waashi wa chokaa, maseremala wa boriti na wachonga nakshi, kwa kuwa ndio ninaowajua zaidi. Waongoza watalii, manahodha, wauguzi au walimu wataufuata vilevile wakibadilisha mifano.

Kwanza niseme neno kuhusu neno lenyewe. Ukimwambia mtu wa hapa "tunaanzisha chama", atasikia mambo matatu tofauti. Mmoja anasikia siasa. Wa pili anasikia mchezo wa pesa, ule wa kupeana zamu kila mwezi. Wa tatu anasikia kuzikana. Katika mkutano wa watu ishirini, wote watatu wamo, na wote watapiga makofi. Kwa hiyo usilitegemee neno hilo likufanyie kazi. Sema kwa urefu: watu wa kazi moja wanaokubaliana jinsi kazi hiyo itakavyofanywa, na wanaosimama nyuma ya makubaliano hayo mbele ya watu wengine.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kuitisha mkutano

Makosa mengi huanza kwa tangazo. Watu wakishaitwa ukumbini, wanaosema ni wale waliozoea kusema. Anza na daftari la shule, umfuate kila fundi pale pale anapofanyia kazi, mmoja mmoja. Muulize maswali matatu, na uyaandike majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyasafishe:

Mara ya mwisho ulipokosa kazi uliyokuwa ukiitaka, aliipata nani, na kwa nini?

Kazi gani uliifanya ukalazimika kuirudia kwa gharama zako?

Jambo gani huwezi kulifanya peke yako hata ukipewa pesa?

Swali la tatu ndilo lenye chama ndani yake. Haya mawili ya kwanza yanamfungua mtu tu.

Nikupe mfano wa jibu moja. Nilimkuta fundi mmoja mtu mzima amekaa juu ya debe, anabandua lipu ya simiti kwenye ukuta wa matumbawe. Ilikuwa haina miaka mingi. Alinitia kipande mkononi. Upande wa nje kilikuwa kigumu kama kigae. Upande wa ndani kimeshikamana na unga mweupe na vipande vya jiwe vilivyong'oka pamoja nacho.

"Onja," akaniambia.

Nikaonja. Chumvi.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka chini, na maji hayo hubeba chumvi. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke polepole, ukuta ukapumua. Simiti huziba. Maji yakikosa njia yanakaa ndani, chumvi inakaukia nyuma ya lipu, inavimba, na siku lipu inapoanguka inaanguka na nyama ya ukuta.

"Ami, nani aliipiga hii?"

"Mwanafunzi wangu mwenyewe. Mwenye nyumba alitaka simiti, inakauka upesi. Kijana anajua kwamba haifai, nilimfunza mimi. Lakini angemwambia nini? Yeye ni mmoja, na yule ndiye mwenye pesa."

Nilitembea na kipande kile mfukoni wiki nzima. Swali langu la tatu lilikuwa limejibiwa. Fundi mmoja akisema simiti haifai, hayo ni maoni yake, na anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili yake. Mafundi wote wakiliandika na kulitia sahihi, kijana ana karatasi ya kuonyesha. Pesa hainunui hilo, na mtu peke yake hawezi kulitengeneza.

Usikomee kwa mafundi. Zungumza na wenye nyumba watatu au wanne, wakiwemo wale waliokasirika. Zungumza na wanagenzi, hasa walioacha. Zungumza na wanaosimamia mambo ya kale, kwa sababu mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kila jiwe linaloguswa humo lina macho yanayolitazama. Ukimaliza, uwe na kurasa zilizojaa malalamiko. Hilo ni jambo jema.

Hatua ya pili: gawa malalamiko mafungu

Keti na watu wawili au watatu unaowaamini, mlisome daftari kwa sauti, na kila lalamiko mlitie kwenye fungu lake. Mimi hutumia mafungu matano.

La kwanza ni mambo ambayo mtu anaweza kuyatatua mwenyewe. "Sina patasi nzuri." Hilo si la chama.

La pili ni mambo ya kusaidiana: ugonjwa, harusi, maziko, akiba. Ni mambo mazito na ya heshima, na yana vikundi vyake. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, iliyotungwa kwa ajili ya vikundi vya watu wanaojikusanya kuinua maisha yao. Kama sehemu kubwa ya daftari lako imeangukia hapa, anzisheni kikundi cha namna hiyo, wala msione kwamba mmepungukiwa. Mtakuwa mmepata mnachokitaka kweli.

La tatu ni biashara ya pamoja: kununua chokaa kwa wingi, kukodi mashua ya kuleta mchanga, kuchukua kazi kubwa na kugawana faida. Huo ni ushirika au kampuni. Unagawa faida, kwa hiyo unahitaji sheria za kugawa faida.

La nne ni mambo ya mwajiri na mwajiriwa. Kama wengi wenu mmeajiriwa na ugomvi wenu ni mshahara na likizo, mnachotaka ni chama cha wafanyakazi, na hicho kina Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007.

Yanayobaki ni fungu la tano: kiwango cha kazi, mafunzo, uthibitisho wa ujuzi, mwenendo wa fundi kwa mteja, na sauti moja mbele ya wanaoamua mambo yanayoigusa kazi yenu. Hapo ndipo penye chama cha taaluma. Kama fungu hili ni jembamba, simameni hapo hapo. Kazi ya wiki chache imewaokoa miaka.

Kosa letu la zamani lilikuwa kuyafunga mafungu yote matano kwa kamba moja. Nahodha wengi, jahazi huenda mrama. Na makusudi mengi ni manahodha wengi, hata kama mwenyekiti ni mmoja.

Hatua ya tatu: tazama nani yuko tayari kwenye kazi hiyo

Hii ni hatua fupi ila watu huiruka, kisha wakagongana na mlango. Andika kila ofisi na kila kikundi kinachogusa kazi yenu, na kando yake uandike kinafanya nini.

Kwa mafundi wa majumba ya kale, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, huandikisha wakandarasi na kuwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa madaraja. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ina mamlaka yake juu ya majengo yaliyohifadhiwa, chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Serikali ya kaunti ina vibali vya ujenzi. Hakuna hata kimoja katika hivyo mtakachokinyang'anya kazi yake. Msiandike kwamba chama "kitatoa leseni kwa mafundi wote Lamu". Hamna mamlaka hayo, na Msajili wa Vyama hatawapa. Lakini tazama pengo: mtihani wa jumla wa uashi utampima mtu ukuta wa matofali na simiti. Nani atampima kijana kwenye kuzima chokaa, kuichanganya, kuipiga na kuisugua? Hapo pana nafasi yenu.

Wenzetu wavuvi wana somo zuri hapa. Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ili jamii ya wavuvi isimamie ufuo na uvuvi wake kwa kushirikiana na serikali. Uwaulize Kizingitini au Faza BMU ni nini, watakujibu bila kufungua karatasi. BMU ina matatizo yake, lakini watu wanajua kwenda kwayo kwa lipi.

Hatua ya nne: amueni mnamwahidi nani

Hapa nataka ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Kikundi cha kusaidiana kinamwahidi mwanachama. Chama cha taaluma kinamwahidi mwanachama pia, lakini kuna mtu mwingine amesimama mlangoni, naye hajalipa ada: mwenye nyumba, mgonjwa, mwanafunzi, abiria. Taaluma ni ahadi kwa huyo. Bila yeye mna umoja wa watu wanaofanana kazi, basi.

Tazama mawakili. Chama chao, Law Society of Kenya, kinaongozwa na sheria ya mwaka 2014, na ukisoma orodha ya madhumuni yake utaona kwamba kuulinda na kuusaidia umma katika mambo ya sheria kumetajwa kabla ya kuwatetea mawakili wenyewe. Yote mawili yamo. Mpangilio wake ndio ninaotaka muutazame.

Kipimo changu ni siku mwanachama atakapokosea. Chukulia mwanachama mpendwa, analipa ada kwa wakati, amechangia maziko ya kila mtu, naye amekata boriti mbovu akaitia darini, na dari imeporomoka. Mwenye nyumba anakuja kwenu. Mtamwambia "huyu ni ndugu yetu, kamalizaneni", au mtakwenda kuitazama dari na kusema ukweli wa mlichokiona?

Waulize watu wako swali hili uso kwa uso, kila mmoja ajibu. Nimewahi kuona kikundi kizima kikinyamaza. Mmoja akasema, "Mwalimu, hapa kwetu hatuwezi kumshuhudilia mwenzetu vibaya. Tutaonana msikitini, tutaonana sokoni, binti yake yuko kwangu." Alisema kweli, na alisema kwa heshima. Kikundi kile kikaamua kuwa cha kusaidiana, na mpaka leo kipo. Uamuzi wake niliuheshimu kuliko wa vyama vingi vyenye majina makubwa.

Mkijibu kwamba mtakwenda kuitazama dari, basi mna taaluma mikononi. Endeleeni.

Hatua ya tano: andikeni sentensi moja

Si ukurasa. Sentensi moja, yenye mambo manne: chama kipo kwa ajili ya nani, kitabadilisha nini, kwa njia gani, na mpaka wapi. Nitakuonyesha jinsi sentensi ya kundi moja ilivyokua, maana kusimulia tu hakutoshi.

Walianza hivi: "Kuinua hali ya mafundi wa Lamu na kulinda urithi wetu."

Nikawauliza, je, kuna kikundi chochote Lamu ambacho hakiwezi kusema hivyo? Hata wauza vinyago wangesema. Sentensi inayomfaa kila mtu haijawa yenu.

Ya pili: "Kuwaunganisha mafundi wa majumba ya kale ili wafanye kazi bora."

Hii ina watu ndani yake sasa. Lakini "kuwaunganisha" ni nini? Mkishaungana mtafanya nini Jumatatu asubuhi? Na "bora" kwa macho ya nani? Jihadhari na maneno haya: kuunganisha, kuinua, kuhamasisha, kuwezesha, maendeleo. Kila ukilikuta moja, uliza linafanywaje kwa mikono.

Ya tatu: "Kuhakikisha kila fundi anayegusa nyumba ya kale Lamu anafuata kiwango cha chokaa, boriti na nakshi."

Imekaza mno. "Kila fundi" inawagusa wasio wanachama, nanyi hamna nguvu juu yao. Na "na" ile imemtaka mchonga nakshi ajue chokaa. Mchonga nakshi mmoja aliweka patasi chini akasema, "Mimi mfaa na miimo ya mlango nitakuchongea usiku na mchana. Chokaa sijawahi kuishika. Basi mimi si fundi?" Kwa neno moja la herufi mbili walikuwa wamemtoa mtu bora kati yao.

Wakafika hapa:

"Chama hiki kipo ili mwenye nyumba ya kale katika kaunti ya Lamu ampate fundi ambaye kazi yake ya chokaa, boriti au nakshi imekaguliwa na mafundi wenzake kwa kiwango kilichoandikwa, na ili kijana anayejifunza kazi hizo apate ushahidi wa ujuzi wake."

Itazame kwa ukaribu. "Mwenye nyumba" ametangulia, kwa sababu waliijibu hatua ya nne. "Kaunti ya Lamu" ilibishaniwa jioni nzima. Wengine walitaka kisiwa tu, mpaka aliyetoka Siyu, kisiwa cha Pate, akauliza kama milango ya kwao si milango. "Au" imemrudisha mchonga nakshi. "Imekaguliwa na mafundi wenzake" ni maneno yenye gharama: yanadai kamati ya wakaguzi, nauli ya mashua, na watu wasioogopana. "Kilichoandikwa" inadai mtu akae na wazee aandike. Na kijana amewekwa mwishoni kwa sababu nusu ya malalamiko ya daftari ilikuwa yake.

Sentensi hii ina shabaha mbili, na mimi ningependa moja. Waliikubali ya pili baada ya kuona kwamba kiwango kilekile kinachomkagua mzee ndicho kitakachompima kijana; kazi ni moja, faida mbili. Ikiwa shabaha yenu ya pili inadai kazi nyingine kabisa, iacheni nje.

Hatua ya sita: ijaribuni kwa visa vigumu

Sentensi ikishakaa, ipigeni nyundo. Msomeeni kila mtu visa hivi, na kila mmoja ajibu kwa kuitazama sentensi tu, bila kumtazama mwenyekiti.

Kazi kubwa imekuja na mwenye nyumba anataka kuandikiana na chama. Kwa sentensi ya hapo juu jibu ni hapana: chama kinamwonyesha mafundi waliokaguliwa, achague. Ni jibu lilelile tulilolikosa sisi.

Mwanasiasa anawaletea mashine na fulana zenye picha yake karibu na uchaguzi. Sentensi haimtaji. Mashine inaweza kupokewa na kuandikwa kwenye daftari la mali. Fulana ibaki kwake.

Msichana amesomea useremala chuoni, anaomba uanachama, na wazee wanatazamana. Sentensi imesema "fundi ambaye kazi yake imekaguliwa". Kagueni kazi yake.

Mwanachama anapiga simiti kwa sababu mteja ameshurutisha. Je, atolewe? Hapo watu wangu waligundua kwamba kiwango lazima kiseme pia fundi afanye nini akishurutishwa: aeleze madhara kwa maandishi, na akilazimika, kazi ile isitajwe kama ya chama.

Serikali inazuia kitu mnachokitegemea. Mwaka 2018 ilipopiga marufuku ukataji wa miti, wakataji mikoko wa Lamu walikaa bila kazi, na aliyekuwa na dari ya kujenga akakosa boriti. Je, chama kiandike barua? Kwa sentensi hii kinaweza kusema kinachohusu ukarabati wa majumba, na kuwaachia wakataji waseme yao. Msione haya kuungana na wengine kwa jambo moja na kuachana likiisha. Dhidi ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, watu wa kazi tofauti kabisa walisimama pamoja chini ya muungano uitwao Save Lamu, wakijua wanachokipinga ni kipi, na Juni 2019 leseni ya mradi huo ikabatilishwa.

Kisa cha bei nimekiweka peke yake, kwa kuwa karibu kila kundi hulitaka: "Tupange bei, mtu asishuke chini ya hapa." Naelewa uchungu wake, fundi anayekata bei anamnyima mwenzake chakula. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara kukubaliana bei, na haikusahau vyama: hata chama kuwapendekezea wanachama wake bei ni hatari. Taaluma inaweza kuomba msamaha kwa kanuni zake fulani kwa Mamlaka ya Ushindani, lakini hilo ni ombi, halipatikani kwa kura ya mkutano. Kwa hiyo upangaji wa bei usiingie kwenye kusudi wala kwenye kumbukumbu za mikutano. Mnachoweza kufanya ni kumfunza kila mwanachama kupiga hesabu yake: magunia ya chokaa, boriti, punda wa kubeba, siku za kazi, chakula cha msaidizi, na siku za mvua ambazo hakuna kinachokauka. Wengi wanaoshuka bei hawajui kwamba wanalipa wao.

Kisa chochote kikigawa watu nusu kwa nusu, rudini hatua ya tano. Msikipeleke mbele kwa matumaini kwamba katiba itakitatua.

Hatua ya saba: sasa chagueni aina ya usajili na muandike katiba

Haki ya kujumuika imo katika Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa hiyo hamwombi hisani. Chama cha taaluma cha kawaida husajiliwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo inazungumzia jumuiya ya watu kumi au zaidi. Sheria hiyo inataka katiba iseme madhumuni yote ya chama, nani anaruhusiwa kuwa mwanachama, viingilio na ada, viongozi na jinsi wanavyochaguliwa na kuondolewa, mikutano, utunzaji wa fedha na matumizi yake, ukaguzi wa hesabu, na jinsi chama kitakavyovunjwa.

Angalia lililotajwa mwanzoni, na ukumbuke kwamba chama kilichosajiliwa hakibadilishi jina wala katiba yake bila idhini ya Msajili. Kosa la kusudi lililogongwa muhuri mtalilipia kwa barua, mikutano na safari.

Mkiwa na sentensi, katiba inajiandika. Nani mwanachama? Aliyekaguliwa, na mwanagenzi kwa daraja lake. Ada kiasi gani? Ya kutosha nauli za wakaguzi na uchapaji wa kiwango, msianze kwa kuuliza jirani wanatoza ngapi. Viongozi wangapi? Wale ambao kazi yao inatokana na sentensi. Kama hakuna kazi ya "mratibu wa burudani", cheo hicho kisiwepo. Pesa zitatumikaje? Kwa yaliyomo kwenye sentensi tu.

Hatua ya nane: mkutano wa kukubaliana

Sasa waiteni watu. Baada ya Alasiri ni wakati mzuri, jua limepoa na zana zimewekwa chini. Sentensi iwe imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja ukutani, na nakala zimegawiwa wiki mbili kabla, ili mtu asiseme ameshtukizwa.

Isomwe mara moja. Kisha kila aliyepo aiseme kwa maneno yake mwenyewe, bila kusoma. Hapa ndipo utaona. Akisema mmoja "yaani tutapewa kazi na chama", simamisha, ueleze tena. Wazee waachwe waseme mwisho. Wakitangulia, vijana watakubali kwa adabu tu.

Asiyekubaliana apewe nafasi ya kutoka kwa wema. Mshukuruni, mwambieni mlango upo, na kama anataka kikundi cha akiba, mwonyesheni waliotaka kama yeye kwenye daftari. Afadhali kumi na wawili wanaoiamini sentensi kuliko arubaini waliokuja kuhesabiwa.

Waliokubali watie sahihi chini ya karatasi ileile, na asiyeandika aweke dole gumba. Katibu wa muda aandike siku ambayo, mwaka mmoja baadaye, mtaisoma tena mkiwa na majibu ya maswali mawili: nyumba ngapi zimekaguliwa, na vijana wangapi wamepata ushahidi wao.

Uchaguzi wa viongozi msiufanye siku hiyo. Watu wakijua kwamba mwenyekiti anachaguliwa leo, wataisikiliza sentensi wakimtazama mgombea wao, na kila neno litakuwa la fulani au la fulani. Acheni zipite wiki mbili. Karatasi yenye sahihi ibaki kwa mtu ambaye hagombei chochote, naye aje nayo siku ya uchaguzi, aitundike ukutani kabla jina la kwanza halijatajwa.